Chuck Berry na Kasumba Yetu

Katika shule moja ya sekondari tulikoalikwa kusoma mashairi mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, mazungumzo yalihama kutoka kwenye vina na mizani yakaingia katika muziki, kama yafanyavyo aghalabu wakutanapo vijana. Tukawauliza: muziki uitwao rokenroli asili yake ni wapi? Kijana mmoja akasimama, akajibu kwa sauti ya kujiamini kwamba hiyo ni ngoma ya Wazungu wa Marekani, na mwanzilishi wake ni Elvis Presley. Darasa zima likaafiki. Tukamtazama mwalimu wao tukitaraji kwamba atamsahihisha. Mwalimu akasema kijana amejibu vyema, kisha akaongeza kwamba ndiyo sababu ngoma hiyo haina nafasi katika mazungumzo ya utamaduni, kwa kuwa ni kasumba tuliyoachiwa na wakoloni.

Hatutaitaja shule hiyo wala mwalimu huyo, kwa kuwa kosa si lake peke yake. Ni kosa letu sote tuliopewa dhamana ya kusema na kuandika juu ya utamaduni, tuliokaa maofisini miaka nenda miaka rudi tukiandika maneno "muziki wa kigeni" bila kuuliza mgeni huyo ni nani, katoka wapi, na nani kamvua nguo njiani. Kasumba ilikuwamo kweli katika chumba kile cha darasa, ila haikuwa pale mwalimu alipoiona. Mtu mweusi alitunga, akapiga, akaimba, akaibiwa. Nasi, watu weusi wenzake tulio ng'ambo ya bahari, tumemwandikia mwizi stakabadhi ya mali halali. Hiyo ndiyo kasumba.

Wapo watakaotujibu kwa hotuba ya Mwalimu Nyerere. Watatukumbusha kwamba tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais alisimama mbele ya Bunge akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na kwamba katika hotuba hiyo aliitaja rokenroli kwa jina, pamoja na rumba, chachacha, twisti na hata wolzi, akauliza ni wangapi kati yetu tuzijuao ngoma hizo ambao twaweza pia kucheza Gombe Sugu, Konge, Kiduo au Lelemama. Ni kweli aliyasema hayo. Swali lake lilikuwa la haki, wala hatujalijibu hadi leo. Lakini waikaririo hotuba hiyo huishia hapo. Hawafiki mahali ambapo Mwalimu alionya, kwa maneno makali kuliko tunavyothubutu sisi, kwamba taifa likataalo kujifunza kwa tamaduni za wengine ni taifa la wapumbavu. Wala hakusema kwamba rokenroli ni mali ya Wazungu. Neno hilo tumeliongeza wenyewe. Tulitia katika kapu moja wolzi ya kumbi za Vienna na rumba iliyozaliwa katika ngoma za watumwa wa Kuba, tukaliandika kapu hilo "kigeni". Miaka ikapita, wino ukafifia, tukaliandika upya "kizungu". Novemba 1969, wakuu wa Dar es Salaam walipoupiga marufuku katika kumbi za dansi muziki wa Wamarekani weusi uliokuwa ukivuma wakati huo, walikuwapo vijana walioandika magazetini wakiuliza: je, huu nao ni muziki wa mabeberu? Swali lao lilikuwa zito kuliko majibu waliyopata.

Basi na tumlete shahidi mmoja, tumsikilize.

Charles Edward Anderson Berry, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Chuck, alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1926 katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri, katika mtaa wa watu weusi uitwao The Ville. Baba yake alikuwa fundi wa ujenzi na shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Mama yake alikuwa mwalimu. Shule aliyosoma, Sumner, ilifunguliwa mwaka 1875, nayo ndiyo shule ya kwanza ya sekondari kwa watoto weusi magharibi ya mto Mississippi. Humo, mwaka 1941, katika tamasha la shule, kijana Berry alipanda jukwaani akaimba wimbo wa bluzi. Wanafunzi walishangilia, baadhi ya walimu hawakupendezwa, maana bluzi ilihesabiwa kuwa ni uimbaji wa vilabuni usiomfaa mwanafunzi. Walimu wasomao ukurasa huu watatusamehe tukiwaomba watue hapo kidogo.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1944 yeye na wenzake walikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akafungwa katika gereza la vijana, akatoka siku aliyotimiza miaka 21. Akaoa mwaka 1948; akafanya kazi katika kiwanda cha magari; akafagia majumba; akasomea kutengeneza nywele. Mkesha wa mwaka mpya wa 1952, mpiga kinanda aitwaye Johnnie Johnson alipungukiwa na mtu katika kikundi chake cha watatu, akamwita Berry aje kuziba pengo kwa usiku huo mmoja. Ukumbi ulikuwa East St. Louis, ng'ambo ya mto. Berry hakutoka tena. Muda si muda kikundi kikawa chake.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Wasikilizaji wa ukumbi ule walikuwa weusi, nao walikuja kusikiliza bluzi. Berry akawapigia bluzi, lakini katikati akawachomekea nyimbo za Wazungu wa mashambani, zile za fidla na farasi. Kwanza watu walimcheka. Kisha wakawa wanaziomba. Kisha Wazungu wenyewe wakaanza kuvuka mto kuja kumtazama. Mei 1955 alikwenda Chicago, akamwendea mkongwe wa bluzi, Muddy Waters, kumwomba ushauri. Muddy akamwelekeza kwa Leonard Chess, mwenye kampuni ya santuri. Tarehe 21 Mei 1955 ukarekodiwa wimbo "Maybellene", ambao mzizi wake ni wimbo wa zamani wa fidla uitwao "Ida Red".

Twaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu wapinzani wetu watadhani wametukamata hapa. Watasema: kumbe Berry naye alichukua kwa Wazungu! Naam, alichukua. Alichukua pia kwa T-Bone Walker, na kwa Carl Hogan, mpiga gitaa wa bendi ya Louis Jordan, ambaye kianzio chake katika santuri moja ya mwaka 1946 kinasikika waziwazi mwanzoni mwa "Johnny B. Goode". Lakini Berry aliwataja. Maisha yake yote aliwaeleza waandishi wa habari kwamba hili nimelitoa kwa fulani na lile kwa fulani. Sisi hatuhubiri muziki wa damu safi. Hakuna muziki wa namna hiyo duniani, na hata taarabu yetu ingesimama kizimbani siku hiyo hiyo. Twahoji jambo jingine kabisa: jina la nani liliandikwa katika daftari, na fedha zikaenda mfukoni mwa nani?

Daftari la "Maybellene" liliandikwa hivi. Katika biashara ya santuri mwimbaji hulipwa kwa kazi ya koo na vidole vyake. Mtunzi hulipwa kwa kazi ya kichwa chake, na malipo ya mtunzi huendelea kila wimbo unapouzwa, au unaporekodiwa na mtu mwingine, au unaposikika redioni. Huko Marekani redio ilimlipa mtunzi, mwimbaji haikumlipa. Kwa hiyo mstari mdogo wa jina la mtunzi, ule uandikwao chini ya jina la wimbo ambao wengi hatuusomi, ndio ghala lenyewe. Berry aliutunga wimbo wake peke yake. Santuri ilipotoka, mstari ule ulikuwa na majina matatu: Berry, Russ Fratto na Alan Freed. Fratto alikuwa mtu wa karibu na kampuni kwa mambo ya biashara. Freed alikuwa mtangazaji maarufu wa redio katika jiji la New York, na watu wengi walimsifu kwa kueneza jina lenyewe la rokenroli. Hakutunga herufi moja. Alitiwa jina ili aipige santuri ile usiku na mchana, naye akaipiga, maana kila alipoipiga alikuwa akijilipa mwenyewe. Berry alisema baadaye kwamba hakuambiwa. Aligundua jambo likiwa limekwisha kufanyika. Ilimchukua hadi mwaka 1986, yaani zaidi ya miaka 30, kuupata wimbo huo ukiwa wake mtupu. Freed alikuwa amefariki tangu mwaka 1965, baada ya kukiri mahakamani makosa ya hongo ya biashara.

Wenye kudhani kwamba haya ni ya kale na ya mbali hawajakaa katika ofisi kama zetu. Tumewahi kuletewa na kijana mtunzi mkataba aliokuwa ameshautia sahihi, wimbo ni wake kuanzia kibwagizo hadi kituo, na jina lake ni la tatu. Tulipomuuliza wale wawili wa mwanzo walitunga nini, alicheka tu.

"Maybellene" ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya muziki wa watu weusi, na nafasi ya tano katika orodha kuu, yaani ile iliyohesabiwa kuwa ya Wazungu. Orodha zilikuwa mbili, kama milango ilivyokuwa miwili na mabomba ya maji ya kunywa mawili. Hadi mwaka 1949 gazeti lililozichapisha lilikuwa likiita orodha ya weusi kwa neno lenye maana ya "kabila" tu, bila haya. Berry akasafiri kwenda kuimba. Katika mji mmoja wa kusini alifika mlangoni na gitaa lake, mwenye ukumbi akamtazama, akamwambia hakujua kwamba wimbo ule umeimbwa na mtu mweusi, na sheria ya mji haimruhusu. Jioni ile bendi ya watu wengine iliwapigia Wazungu nyimbo za dansi, naye Berry alikaa nje garini. Wimbo uliruhusiwa kuingia. Aliyeutunga akazuiwa mlangoni.

Sasa tuje kwa Elvis, maana jina hilo ndilo lililotuleta hapa. Hatuna ugomvi na marehemu. Alikuwa mwimbaji hodari, alizaliwa maskini, na mwaka 1969, mbele ya waandishi wa habari mjini Las Vegas, alimwonyesha Fats Domino, mtu mweusi wa New Orleans, akasema huyo ndiye mfalme wa kweli. Elvis alikuwa mwungwana kuliko wanaomtetea. Lakini santuri yake ya kwanza, ya Julai 1954, ilikuwa wimbo wa Arthur Crudup, mtu mweusi aliyekuwa ameurekodi tangu mwaka 1946. Crudup alifariki mwaka 1974, mfanyakazi wa mashamba hadi uzeeni, bila ya kuonja haki yake. Na kabla ya wote hao alikuwapo Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kanisani aliyeshika gitaa la umeme akalipiga kwa namna ambayo wanaume walikuja kuipata baadaye. Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake huko Philadelphia lilikaa zaidi ya miaka 30 bila hata jiwe la jina. Twasema mwanzilishi ni Elvis! Mwaka 1955 Little Richard alitoa "Tutti Frutti". Mzungu Pat Boone akauimba upya kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la stesheni, na santuri yake ikapanda juu kuliko ya mwenyewe, kwa kuwa redio nyingi zilimpendelea. Richard akaamua kuuimba wimbo wake uliofuata kwa kasi ya ajabu kusudi ulimi wa Boone ushindwe kuufuata. Boone aliujaribu hata hivyo, lakini safari hii mwenye wimbo alimshinda katika mauzo. Twakiri kwamba kila tukikumbuka kisa hicho roho zetu hutulia kidogo.

Kwa nini basi, katika wote hao, tumemchagua Berry? Kwa sababu sisi ni watunzi wa mashairi, na Berry, kwa maoni yetu, alikuwa mshairi. Wapo wenzetu katika fani watakaocheka. Watasema mshairi ni Muyaka, mshairi ni Shaaban Robert. Huyu ni mpiga gitaa tu. Twawajibu kwamba Muyaka naye aliimbwa kabla hajachapishwa. Yatupasa kumpima mtu kwa kazi yake.

Uangalieni wimbo "Too Much Monkey Business" wa mwaka 1956. Kila ubeti ni mateso ya mtu wa kima cha chini: kazi ya kiwanda, madeni ya kulipa, mchuuzi mwenye maneno matamu, masomo, jeshi, na kituo cha petroli. Hakuna ubeti unaolia. Kila mmoja unafunga kwa mguno wa kuchoka, na mguno huo umo ndani ya mizani. Sisi tuliowahi kutunga tungo za siku ya wafanyakazi, kurasa tatu za "dhuluma" na "jasho", tungejifunza jambo. Uangalieni "School Day" wa mwaka 1957: siku nzima ya mwanafunzi, mwalimu mkali, chumba cha chakula kilichosongamana, na saa tisa ya alasiri kengele inapolia. Hatujui utungo wa Kiswahili ulioisimulia siku ya kawaida ya shule kwa uaminifu wa namna hiyo, na tungependa kuonyeshwa. Katika "Roll Over Beethoven" wa mwaka 1956 anamwambia Beethoven ampishe. Sababu ya wimbo huo ilikuwa nyumbani kwao: dada yake alikuwa akikalia kinanda cha familia kujifunza muziki wa Ulaya, naye Berry hapati nafasi.

Kisha lipo fumbo, na hili ndilo twataka wanafunzi walichunguze kwa makini, kwa kuwa wao ni warithi wa lugha ya mafumbo. Mwaka 1956 Berry aliimba sifa za mwanamume mzuri mwenye macho ya kahawia. Aliyekuwa na masikio alijua kwamba si macho yaliyokuwa ya kahawia. Mwaka 1958 alitoa "Johnny B. Goode", habari ya mtoto wa shamba asiyejua vizuri kusoma lakini anayelipiga gitaa mithili ya mtu anayepiga kengele. Jina Goode ni la barabara aliyozaliwa Berry mwenyewe. Katika maandishi ya kwanza mtoto huyo alikuwa mtoto mweusi; Berry akabadili neno hilo moja, akaandika mtoto wa mashambani, ili redio za Wazungu zikubali kuupiga. Wapo wanaomlaumu kwa kubadili. Sisi twaona kwamba lawama ielekezwe kwa redio, na kwamba kila msikilizaji mweusi aliyelisikia neno la pili alilisikia na la kwanza.

Fumbo kubwa kuliko yote ni "Promised Land", uliotoka mwaka 1964. Aliutunga gerezani, akaazima atlasi ya maktaba ya gereza apate kuipanga njia. Ni habari ya kijana anayepanda basi kutoka Norfolk, jimbo la Virginia, kwenda California. Basi linaupita mji wa Rock Hill bila kusimama. Huko Alabama linaharibika, naye anakwama katika Birmingham. Anashika treni, anasaidiwa nguo na tiketi, anafika kwa ndege, anapiga simu nyumbani kusema yu salama. Hakuna neno hata moja la siasa. Lakini mwaka 1961, miaka mitatu kabla ya santuri hiyo, vijana weusi na weupe walipanda mabasi ya namna ile ile kwenda kusini kuupinga ubaguzi wa vyombo vya usafiri: wakapigwa katika Rock Hill, basi lao moja likachomwa moto karibu na Anniston katika Alabama, wakapigwa tena katika Birmingham. Anayeusikiliza wimbo ule akiwa na ramani mkononi anaona ni kwa nini basi halikusimama. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Watu wazima waliokuwa wakiulaani muziki huu kuwa ni kelele za watoto hawakuligangua.

Aliingiaje gerezani? Tunalisema, kwa sababu sifa zinazoficha si sifa. Mwaka 1959 alishtakiwa chini ya sheria ya mwaka 1910 inayokataza kumsafirisha mwanamke kutoka jimbo hadi jimbo kwa nia isiyo njema. Hukumu ya kwanza ilifutwa, kwa kuwa hakimu alitamka mahakamani maneno ya kibaguzi. Akashtakiwa tena, akapatikana na hatia, akakaa gerezani tangu Februari 1962 hadi Oktoba 1963. Sheria hiyo ndiyo iliyotumiwa kumwangusha bondia mweusi Jack Johnson zamani. Yote hayo ni kweli. Na ni kweli vilevile kwamba msichana katika kesi ya Berry alikuwa na umri wa miaka 14. Hatutaupunguza umri huo kwa hoja ya ubaguzi. Mwaka 1979 alifungwa tena kwa kukwepa kodi. Baadaye wanawake walimshtaki kwa kurekodiwa kwa siri katika mkahawa wake, na madai yakamalizwa kwa fidia. Mwalimu atakayemfundisha na ayafundishe haya pia. Tunachokataa ni ule mtindo wa kuwataka watunzi weusi wawe watakatifu kwanza ndipo waandikwe katika historia, sharti ambalo hakuna aliyewapa watunzi wa Ulaya.

Kuhusu fedha, Berry alipokwisha kuibiwa mara moja alijifunza somo lake kwa njia iliyowakasirisha wengi. Kwa miaka mingi alisafiri peke yake, gitaa mkononi, bila bendi. Mwenye ukumbi alitakiwa kutafuta wapigaji wa mji huo huo, na kumlipa Berry fedha taslimu kabla hajapanda jukwaani. Fedha zisipohesabiwa, hapandi. Mwaka 1973, huko Maryland, kijana ambaye bado hakuwa na jina, Bruce Springsteen, alikuwa miongoni mwa waliokodiwa kumpigia. Walipomuuliza Berry usiku ule watapiga nyimbo gani, aliwajibu kwamba watapiga nyimbo za Chuck Berry. Hakuongeza kitu. Waandishi wengi wamemwita mchoyo. Sisi twauliza: aliyetiwa majina mawili katika wimbo wake wa kwanza, na ambaye mwaka 1963 aliisikia sauti ya wimbo wake "Sweet Little Sixteen" ikiuzwa na kundi la Beach Boys kwa jina la "Surfin' U.S.A." chini ya jina la mtunzi mwingine, mpaka malalamiko yalipolirudisha jina lake, alitakiwa kumwamini nani?

Mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ujumbe wa dunia kwa yeyote atakayekutana nao. Katika muziki uliochaguliwa mlikuwamo "Johnny B. Goode". Mtaalamu mmoja wa nyimbo za kienyeji alipinga, akasema huo ni muziki wa kitoto. Mwanasayansi Carl Sagan akamjibu kwamba duniani wamo vijana wengi wa umri huo. Jibu hilo lingefaa kubandikwa katika ofisi za walimu. Beethoven naye yumo katika santuri ile ile. Hakupisha, ila amesogea. (Katika salamu za lugha 55 zilizowekwa humo, Kiganda kimo na Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Hilo nalo tutaliandikia siku nyingine.)

Limebaki jambo moja, nalo linatuuma, kwa kuwa linamhusu Berry akiwa upande wa pili wa daftari. Johnnie Johnson, yule mpiga kinanda aliyemwita kuziba pengo, alipiga katika nyimbo nyingi zilizompa Berry jina. Jina lake halikuandikwa katika mstari wa mtunzi. Miaka ikaja ambapo Johnson alikuwa dereva wa basi la wazee huko St. Louis. Mwaka 2000 alimshtaki Berry akidai kwamba walitunga pamoja nyimbo zaidi ya 50. Mwaka 2002 mahakama iliyatupa madai hayo, kwa hoja kwamba muda mrefu mno umepita. Nani alikuwa na haki? Mahakama haikufika kwenye swali hilo, na sisi hatutajifanya kufika. Johnson alifariki mwaka 2005, Berry tarehe 18 Machi 2017, mwenye umri wa miaka 90.

Berry alipokuwa mtoto, baba yake alimchukua siku moja wakaenda kwenye jumba la Fox, ukumbi mkubwa wa sinema wa St. Louis, kutazama filamu ya kitabu cha Dickens. Dirishani waliambiwa kwamba watu weusi hawauziwi tiketi. Oktoba 1986, alipotimiza miaka 60, sherehe yake ilifanyiwa katika jumba hilo hilo, ikapigwa filamu iliyotoka mwaka uliofuata, na humo anasimulia kisa cha baba yake. Keith Richards na Eric Clapton walikuja kumpigia magitaa. Kwenye kinanda alikaa Johnnie Johnson.